Mpakate Bila Kanga

Kizota, Dodoma
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu Hawa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla Mama Abdi hajamaliza kulitamka neno, nami nimeipokea marahaba yako huku niliko. Habari za tangu mvua zianze? Kifua kinakuachia usingizi siku hizi? Na yule mbuzi mwekundu, bado anakula kamba yake? Mimi ni mzima wa kusimama na kufanya kazi. Nimechoka, hilo sifichi, na kuna jambo la ngozi yangu ambalo nitalieleza humu. Msishtuke mapema, sikilizeni mpaka mwisho.

Mama Abdi mke wangu, wewe unayesoma, soma polepole na kwa sauti, usiruke kitu hata kama kinakugusa. Shangazi Mwajuma akiwepo akae naye asikilize. Mimi niliishia darasa la nne na mwandiko wangu unaujua. Penye kosa rekebisha kwa mdomo uendelee.

Barua yako nilipewa na kondakta wa basi la Kondoa, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nilifurahi sana kwamba umejifungua salama na kwamba mtoto amepewa jina la mama. Nilimwonyesha kila mtu karakana nzima, hata wasiojua kusoma. Halafu nikafika pale uliposema mama alimtazama mtoto kutoka mlangoni, akasema, "Mashaallah, ana paji la uso la babu yake," akarudi jikoni kwake bila kumgusa. Ukasema pia kwamba siku ya arobaini Shangazi ndiye atakayemtoa mtoto nje, kama kawaida.

Mama, hilo ndilo limenikalisha chini kuandika. Kwetu bibi mzaa baba ndiye humbeba mtoto siku ya arobaini na kuvuka naye mlango, alione jua akiwa mikononi mwake. Abdi alitolewa na Shangazi. Mwanaidi alitolewa na Shangazi. Huyu mwenye jina lako nataka umtoe wewe. Utasema haiwezekani kwa sababu ya ngozi yako. Inawezekana, na sasa nitakuambia nimejuaje.

Kwanza habari za kazi, ili ujue niliko. Kile kiwanda nilichokuwa nafanya kazi kiliuzwa, na aliyekinunua amefunga lango na kutafuta mtu mwingine wa kumuuzia. Tulirudishwa nyumbani wote, wenye vyeti na wasio na vyeti. Tangu ruksa ya biashara ianze, maduka yamejaa sabuni na redio, lakini kazi ya kudumu ni ya kuomba dua. Sasa mimi ni kibarua kwa fundi mmoja anaitwa Masudi, hapa Kizota, ila kulala nalala Chang'ombe, chumba kimoja na wenzangu. Tunatengeneza vitanda, mageti na madirisha ya nondo. Vyuma vingi ni chakavu, na kazi yangu mimi ni kutu. Nasugua kwa brashi ya waya, namalizia kwa msasa, kisha napaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu isirudi. Usipokisugua chuma vizuri, kutu inaendelea kula chini ya rangi, na mwenye geti anarudi na matusi. Kibarua asipofika siku moja, kesho yake anakuta mwingine ameshika brashi. Ndiyo maana sikuja mtoto alipozaliwa. Sina ruhusa ya kuugua wala ya kufurahi.

Lakini niliugua. Ilianza kwenye kiwiko cha kulia, wakati wa ule upepo mkavu wa baridi. Doa jekundu, na juu yake magamba meupe kama pumba za uwele zilizomwagika. Mama, sikuhitaji mtu wa kuniambia. Nimekulia mbele ya viwiko hivyo. Baadaye likaja kwenye magoti, likaja kichwani nyuma ya masikio. Nikaanza kuvaa shati la mikono mirefu juani.

Kuna mwenzangu anaitwa Yona, Mgogo, ndiye anayechomelea. Mdomo wake haupumziki. Akaniambia, "Mrangi, jua lote hili na mikono mirefu, unakwenda kuoa kwa nani?"

Nikamwambia, "Kwa dada yako."

"Dada yangu hataki shati," akasema, "anataka ng'ombe."

Tukacheka, nikabaki na shati langu. Jioni watu walipoondoka nilifanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifikiria. Nilichukua kipande cha msasa, ule laini wa kumalizia, nikasugua kiwiko kama ninavyosugua chuma. Nilisema moyoni, kutu nimeijua miaka yote, hii nayo ni kutu tu, ikitoka yote haitarudi. Magamba yalitoka. Chini yake pakawa pekundu na vidoa vya damu. Nikapaka oili chafu ya injini ili kuzuia hewa. Kwa muda nilijiona fundi. Kisha pale pote nilipopitisha msasa, hata kwenye ngozi iliyokuwa nzima, yakaota magamba mapya, mengi kuliko ya kwanza. Nikasugua tena. Nilikuwa naongeza mwenyewe.

Watu wakaanza kuona. Tunakula kwa mama lishe mmoja, Mama Neema, ana banda la bati jirani na karakana. Siku moja nimekaa nangoja uji, akaniletea kikombe kilichochorwa mstari mwekundu, rangi ile ile yetu ya kutu.

"Baba Abdi, kikombe chako ni hiki," akasema.

"Vingine vimefanya nini?"

"Havijafanya kitu. Hiki ni chako tu, kila siku kitakuwa chako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayenipa heshima. Mama, nilikishika kile kikombe nikaona bakuli lako. Lile la maua ya buluu lenye pengo ukingoni, linalooshwa peke yake na kuanikwa peke yake juu ya uchaga. Nimeliona tangu nina akili, na siku zote nilidhani unalipenda. Nilidhani unakula peke yako kwa sababu ndivyo mama wanavyokula. Siku ile Kizota ndipo nilijua uji ukiwa kwenye kikombe chenye mstari unakuwa na ladha gani. Nilinyanyuka niondoke.

Yona akasema, "Mama Neema, na mimi nataka chenye rangi. Kwa nini Mrangi apendelewe?" Akanipokonya kikombe mkononi, akanywa uji wangu mpaka nusu, akanirudishia. Akajifuta mdomo akasema, "Sasa wagonjwa tuko wawili. Kesho tunakwenda hospitali, na wewe ndiye utakayetangulia kuingia, maana mimi naogopa sindano."

Nilimwambia Fundi Masudi kwamba nitachelewa. Aliguna tu. Yona alimwambia asipotupa ruhusa atachomelea mageti yote yafungukie nje barabarani.

Hospitali tulikaa foleni ndefu, tukapelekwa kwa daktari wa ngozi, mama mmoja wa makamo, mwenye miwani. Akakunja shati langu, akatazama viwiko, akasema, "Baba, nani amekukwangua hivi?"

"Mimi mwenyewe, daktari. Kwa msasa."

"Msasa wa mbao?"

"Wa chuma."

Akavua miwani akanitazama. Kisha akauliza, "Kwenu nani ana ngozi kama hii?"

Nikasema, "Mama yangu." Mama, nisamehe kwa kulitoa jambo lako mbele ya mgeni. Lakini lile swali ndilo lililofungua kila kitu. Aliniuliza unakula na nani. Nikamwambia unakula peke yako. Akauliza kama umewahi kupakata wajukuu. Nikamwambia hapana, na mimi mwenyewe nilipokuwa na homa utotoni ulinibeba umenizungushia kanga mbili, hata mikono yako umeifunga, isinifikie. Yule daktari akasema, "Maskini, kwa kitu kisichoambukiza."

Nikamwuliza arudie. Akarudia. Na mimi narudia hapa, na Mama Abdi nakuomba ulisome hili mara mbili ili Shangazi asikie. Ugonjwa huu haumwambukizi mtu. Si ukoma. Si ule ugonjwa wa siku hizi ambao watu wanaunong'ona. Si kijicho cha mtu wala kaburi lililokanyagwa. Haupiti kwenye kikombe, haupiti kwenye maji ya kuoga, haupiti kwenye mkono. Unaitwa soriasisi. Unatembea kwenye ukoo, kwa damu, na unaweza kuwaruka wengine.

Nikamwambia anieleze kwa lugha ya karakana. Akasema ngozi ya mtu inajizaa upya taratibu, lakini ngozi yetu inajizaa kwa pupa, mpya inasukuma ya zamani kabla haijawa tayari kuondoka, ndiyo yanakuwa magamba. Na chini yake kuna moto. Akasema ndani ya kila mwili kuna moto mdogo unaounguza chakula tupate nguvu, na moto wowote unatoa cheche. Mungu ameweka ndani yetu vitu vya kuzizima hizo cheche. Kwa mtu mwenye afya cheche na vizimaji vinalingana kama mizani ya duka. Kwa wenye ugonjwa huu, cheche zinakuwa nyingi na vizimaji vinakuwa vichache, mizani inalala upande mmoja, na zile cheche zinaichochea ngozi izidi kuwaka.

"Kama kutu," nikasema.

"Ni ndugu na kutu," akasema. "Hewa hiyo hiyo tunayovuta ndiyo inayokula chuma chako."

"Basi sikukosea kusugua."

"Ulikosea. Chuma hakina uhai, ukikisugua kinatulia. Ngozi ina uhai. Ukiisugua inajiona imevamiwa, inaongeza moto. Kila ulipopitisha msasa umeitia cheche."

Yona, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Daktari, huyu tungemwachia siku mbili tungemkuta amejipaka rangi." Hata daktari alicheka.

Nikauliza nini kinaongeza vizimaji. Akasema mboga za majani zisizopikwa mpaka zikafa, matunda, karanga, ubuyu, zabibu za hapa Dodoma zikiwa msimu. Na nini kinaongeza cheche. Akasema sigara, pombe, na mawazo ya muda mrefu. Nilipouliza kama nikila mchicha kila siku nitapona, alikataa kunidanganya. Akasema huu haujapata dawa ya kuung'oa, unakuja na kuondoka, na habari ya mizani bado wasomi wanaichunguza. Anachojua ni kwamba mwili usionyimwa mboga unapigana vizuri kuliko mwili unaonyimwa. Akanipa dawa ya kupaka inayonuka lami. Nikiingia karakana wenzangu wanauliza barabara inafika lini. Akaniambia pia jua la asubuhi linasaidia, si kali, la kiasi. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukikaa nyuma ya ghala asubuhi umekunja mikono ya gauni. Tulidhani unajificha. Labda ulikuwa unajificha, lakini jua lilikuona.

Sigara nimeacha. Ni ngumu, nakuwa mkali kama siafu, lakini nimeacha. Kuhusu ugoro wako sikumwuliza daktari, mama, niliogopa jibu. Ukienda kumwona utamwuliza mwenyewe. Maana amesema uje, na nimeshaongea na yule kondakta.

Madoa yangu hayajaisha. Yamepungua wekundu, na pale nilipoacha kusugua ngozi imetulia. Mama Neema nilimweleza yote. Akasikiliza, akasema, "Nimeelewa, Baba Abdi," na kesho yake akaniletea kikombe kile kile. Sikukasirika, hofu haitoki kwa maneno ya siku moja. Yona hakuwa na subira hiyo. Alibeba kopo la rangi yetu, akavichora mstari mwekundu vikombe vyote vya banda, na sahani, na kifuniko cha sufuria. Mama Neema alimfukuza kwa mwiko mpaka barabarani. Kisha akasimama katikati ya banda anavitazama vikombe vyake, hajui tena kipi ni cha nani, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Sasa tunakunywa vyovyote.

Nimelifikiria sana bakuli lako tangu siku hiyo. Mama Abdi, hili si lawama, wewe uliikuta desturi hii nyumbani na mama mwenyewe ndiye aliyeiweka. Lakini bakuli lile linapakuliwa la mwisho. Watoto wanapata mlenda, sisi tunapata mlenda, na ikifika zamu yake sufuria imebaki mchuzi. Papai likiiva mama anawagawia wajukuu kwa kuwasukumia kwenye sinia, yeye anakula ugali kwa chumvi na kusema ameshiba. Sasa mwambieni, hivyo vizimaji vyake vitatoka wapi? Tumemweka mbali ili tupone, na kule mbali tumemnyima kile ambacho mwili wake unakitaka kuliko wetu. Kuanzia leo mama apakuliwe wa kwanza, mboga ijae, na ale kwenye sinia pamoja nanyi. Lile bakuli msilitupe, ni zuri, lifugieni vifaranga.

Shangazi yangu Mwajuma, shikamoo. Mama Abdi ameniandikia kwamba umeanza kumsugua mama kwa gunzi na maji ya majivu, ili arobaini ikifika wageni wamkute safi. Najua unampenda wifi yako. Najua mikono yako imechoka kwa kumsugua, kama yangu ilivyochoka kwa msasa. Lakini ni msasa ule ule, Shangazi. Gunzi lipeleke jikoni likawashe moto wa chai. Nimempa kondakta kopo la mafuta ya mgando, yale meupe yasiyo na harufu. Ukitaka kumsaidia, mpake hayo taratibu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Yasimwume wala yasimkwangue. Na siku ya arobaini nakuomba usimame kando yake, maana anaweza kuogopa mlangoni, na wewe ndiye unayejua njia.

Mama, sasa naongea nawe peke yako, ingawa wote wanasikia. Najua utakachofikiri leo ukilala. Utasema umenipa ugonjwa. Umenipa pia pua hii, na kicheko hiki ambacho Yona anasema kinafukuza wateja, na kutopenda maziwa ya mgando. Sikudai kitu katika hivyo na sidai kitu katika hiki. Ila naomba ulitazame jambo moja. Ulijizuia miaka yote usiniguse, ulinibeba kwa kanga mbili, na ugonjwa ukaja mwenyewe kwa njia ya damu, bila kupita mikononi mwako. Kukaa kwako mbali hakukunikinga. Basi na kukaa kwako karibu kusingenidhuru. Hawa mdogo anaweza kuja kuwa na viwiko vyetu, anaweza asiwe navyo. Daktari amesema hakuna ajuaye. Lakini umpakate au usimpakate, hilo halibadiliki. Kitakachobadilika ni kwamba atakuwa amepakatwa na bibi yake.

Mimi sikumbuki ngozi yako, mama. Nakumbuka kanga. Ile ya kijani nikiwa na homa, na harufu ya moshi ndani yake. Nimejaribu hapa Chang'ombe nimelala, kutafuta kumbukumbu ya mkono wako shavuni, sijaipata. Sitaki mtoto huyu naye aitafute akakosa.

Geti la msikiti tunalotengeneza likiisha, Fundi Masudi amekubali kunipa siku chache. Nitakuja, nitakula nawe sinia moja, na tutaonyeshana viwiko tuone vya nani vibaya zaidi.

Nisalimie kaka Shabani, mwambie shoka lake nimelinoa na nitalileta. Nisalimie jirani yetu Bi Zainabu aliyemkanda mke wangu alipojifungua, Mungu amlipe. Abdi namwombea asome, na Mwanaidi aache kumpanda mbuzi. Yona anawasalimu wote, anasema ana ng'ombe mmoja na anatafuta mke Mrangi asiye na maneno mengi.

Mama Abdi, mke wangu, nakushukuru kwa kusoma mpaka hapa. Mwisho wa barua ni huu, kilichobaki si cha kusoma, ni cha kufanya. Ikunje karatasi hii uiweke chini. Usingoje arobaini. Mchukue Hawa mdogo hapo alipolala, umpeleke kwa mama alipokaa, na umpe. Akisema ngoja nichukue kanga, mwambie Ramadhani amesema bila kanga. Akificha mikono, usimlazimishe. Mlaze mtoto mapajani mwake, kisha wewe na Shangazi mtoke nje mkaangalie mbuzi.

Mwanao, mwenye viwiko vyako,
Ramadhani